Dawa ya mwindaji wa Kalahari inauzwa Mtwara kama dawa ya kitambi

Mhariri salaam, poleni na kazi. Naandika toka Mtwara mjini, nina duka dogo la vipodozi na vikorokoro vya kina mama, na nina neno kuhusu yale matangazo mnayotoa kurasa za nyuma, yale ya "mmea wa ajabu wa jangwani unaokata njaa, ondoa kitambi bila mazoezi", picha ya tumbo kubwa, picha ya tumbo dogo, namba mbili za simu basi kwisha. Jina la kampuni hakuna, anwani hakuna, hata huo mmea wenyewe jina lake nani hawasemi. Najua sio gazeti lenu peke yake, redioni yapo na kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme, ila gazeti ni gazeti bana, mtu akiona kitu kimechapwa anajua kuna mtu kakaa akakikagua kwanza. Mie wateja wananijia na kipande cha gazeti wamekikata na mkasi kabisa, "mama hii unayo?"

Sina, na sitaiweka, na naomba nieleze kwa nini. Itakuwa ndefu kidogo, mkiona imezidi kateni kule mwisho wanaposifiwa Wajerumani lakini habari za vidonge msiziguse.

Kwanza mmea upo kweli, sio uongo. Unaitwa hoodia, tamka hudia, unaota jangwa la Kalahari na la Namib huko, Afrika Kusini, Namibia, Botswana mpaka Angola. Ukiuona utasema mpungate lakini sio jamii ya mpungate, ni vishina vinene vya kijani vinasimama pamoja, vina miiba midogo imejipanga mistari toka chini mpaka juu, na maua yake yana rangi ya nyama alafu yananuka nyama iliyooza, manake wanaoyachavusha ni mainzi, sasa mainzi utawaita na harufu gani nyingine. Wenyeji wa huko Wasan, wale wawindaji wa upinde wanaoongea kwa kudonoa ulimi kama Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi, wanaujua huo mmea miaka na miaka. Mwanamume akienda kuwinda anaweza kutembea siku nzima na ya pili yake hajapata kitu, maji hamna, kwahiyo anakata kipande cha shina bichi, anakwangua miiba, anatafuna. Chungu balaa wanasema. Njaa inatulia, kiu inatulia, anaendelea na nyayo za mnyama wake mpaka ampate, na akimpata anakula nyama.

Hapo kwenye nyama ndo naomba muwekee mstari. Yule mtu alikuwa mwembamba tayari, ana njaa ya kweli, anatembea juani, na mwisho wa safari kuna chakula. Huo mmea ulikuwa wa kumfikisha kwenye chakula. Sasa mtoe yeye, uniweke mie nimekaa dukani na feni tangu asubuhi, chapati mbili na chai ya maziwa zimeshuka, uniambie ni dawa hiyo hiyo na itafanya kazi ile ile, mh.

Alafu historia yake, maana hawa wauzaji wanapenda kusema "imethibitishwa na wanasayansi" na wanaachia hapo. Wanasayansi walihusika kweli. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilianza kuuchunguza mwaka 1963, enzi za makaburu, kwa sababu ilishaandikwa kwamba wenyeji wanautafuna. Ikachukua miaka mingi, katikati ya miaka ya 1990 wakakata hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya ile kemikali iliyomo ndani, wakaipa jina P57. Wasan wenyewe hawakuambiwa. Mwaka 1997 taasisi ikawapa leseni kampuni moja ya Uingereza, Phytopharm, na mwaka 1998 hao nao wakaingia mkataba na Pfizer, ndio hao hao mliowajua kwenye chanjo ya korona. Mwaka 2001 gazeti la Uingereza likaja kuandika habari hiyo, na bosi wa Phytopharm akajitetea kwamba yeye alijua hao watu wameshaisha duniani. Wameisha! Wasan wapo watu kama laki moja kusini mwa Afrika, wanazaa, wanaoa, wana mawakili. Wakaenda na wakili wao wakabana, na Machi 2003 wakasaini mkataba na CSIR, wapewe asilimia 8 ya malipo ya hatua za utafiti na asilimia 6 ya mrabaha dawa ikishaingia sokoni.

Dawa haikuingia sokoni. Pfizer waliachia mwaka huo huo 2003. Mwishoni mwa 2004 wakaja Unilever, wale wa sabuni na enzi hizo Blue Band ilikuwa yao, wanataka waitie kwenye vile vinywaji vya watu wa dayati, wakatumia hela nyingi sana, wakalima mashamba ya hudia kabisa, na mwaka 2008 wakaacha. Sasa mjiulize, kampuni inayojua kuuza kitu mpaka duka la mwisho la kijiji cha mwisho, imeshatumia mamilioni, imeacha kwa sababu gani? Sababu waliitoa wenyewe kwenye majaribio na mwaka 2011 yakachapishwa. Walichukua wanawake 49 wazito, wakawaweka sehemu moja siku 15, nusu wakapewa mtindi uliotiwa hudia na nusu mtindi mtupu, wakaachiwa wale wanavyotaka. Wale wa hudia hawakula kidogo kuliko wenzao na hawakupungua kuliko wenzao. Walichopata zaidi ni kichefuchefu, kutapika, ngozi kuwasumbua, presha kupanda na mapigo ya moyo kwenda mbio. Hilo la presha nalisema kwa sauti manake wateja wangu wanaoulizia kupungua nusu yao wameambiwa wapungue kwa sababu ya presha.

Utasikia watasema "lakini panya walipungua kula". Ndio, panya wa maabara walipungua kula, ila kwenye jaribio linalotajwa sana walidungwa hiyo kemikali moja kwa moja kwenye ubongo. Hakuna anayekuuzia hivyo. Wewe unameza kidonge na maji ya bomba, kipite tumboni kipite ini.

Sasa turudi Mtwara. Hizi bidhaa huku zinakuja na msimu wa korosho, kila mtu wa kusini anajua hiyo kalenda, mnada ukianza mwezi wa kumi na hela zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, kila mwenye cha kuuza toka Dar anapanda basi. Pikipiki, magodoro, simu, vitenge, na miaka hii na vidonge vya kupunguza mwili. Kijana mmoja alinijia dukani msimu uliopita, msafi, shati limenyooshwa, begi mgongoni, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akatoa kopo jeupe akaliweka juu ya meza ya vioo.

"Mama hii kitu Dar inatembea vibaya sana, nakupa kwa jumla elfu thelathini na tano, unauza sitini mpaka sabini."

Nikalishika. Mbele kuna picha ya mpungate, mpungate wa kweli ule wa majani bapa kama unaota uani kwa watu Mikindani, wala sio hudia, na pembeni mtu ana upinde. Neno Kalahari kubwa. Nyuma maandishi madogo, nusu Kiingereza nusu Kichina, na kistika kimebandikwa juu ya kitu kingine, nikakichokonoa na ukucha nikakuta chini yake kuna tarehe ya kuisha nyingine. Namba ya usajili hakuna, sio ya TMDA wanaosimamia dawa, sio ya TBS wa viwango, sio ya Baraza la Tiba Asili. Nikamuuliza kimetengenezwa wapi, akasema "huko huko jangwani mama". Nikafungua kidonge kimoja nikamwaga kiganjani, unga mweupe kabisa, laini, hauna harufu, nikagusa na ncha ya ulimi nao hauna uchungu wowote. Mmea wa kijani, mchungu, umekaushwa umesagwa, ukatoka mweupe hauna ladha. Nikamwambia mwanangu hebu tafuna wewe mbele yangu, akacheka akasema yeye hana kitambi.

Na hapa kuna jambo lingine ambalo watu hawalijui. Hudia imo kwenye orodha ya mimea inayolindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, iliingizwa mwaka 2004, kwahiyo kuitoa nchi za kule lazima kuwe na kibali, na inakua polepole, inachukua miaka kabla haijafaa kuvunwa. Makopo yaliyojaa kila mji wa Afrika Mashariki na Ulaya na Marekani hayawezi kuwa yamejaa hudia, huko kwenyewe walipopima wakakuta mengi hayana kitu. Na bora lisiwe na kitu. Kibaya ni lile ambalo lina kitu na kweli unakosa hamu ya kula, manake vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza mwili vimekamatwa mara nyingi duniani vikiwa na sibutramini ndani, dawa ya hospitali ya kukata hamu ya kula ambayo Ulaya na Marekani iliondolewa mwaka 2010 kwa ajili ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Wifi yangu alimeza vidonge vya namna hiyo, sio toka kwangu, alinunua kwa mtu wa mtandaoni. Alipungua kweli. Usiku halali, mdomo mkavu, moyo unamdunda akipanda ngazi tatu, anagombana na watoto bila sababu, na anatuambia "dawa inafanya kazi hiyo, inachoma mafuta". Tulimnyang'anya kopo kwa nguvu. Mwili umerudi wote na juu yake kidogo, na sasa tunamtania naye anatania, lakini ilikuwa sio mchezo.

Kuna watu watasema mie napinga tiba asili. Sipingi hata kidogo, nimekua nayo. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala toka mwaka 2002 na baraza lake lipo, waganga wanasajiliwa, dawa zinasajiliwa. Hata kikombe cha Babu wa Loliondo mwaka 2011, pamoja na maneno yote, ilikuwa shilingi 500, mti unajulikana jina ni mugariga, unaona mzee anachemsha mbele yako. Huyu wa kopo jeupe anakuuzia kwa elfu sabini na jina la mti hataki kusema.

Ninachopinga ni kuchukua kitu cha watu ukaacha namna yake ya kukitumia. Huku kwetu tuna ming'oko. Kwa wasomaji wa bara wasiojua, ni viazi vyembamba vya porini, jamii ya viazi vikuu, vinachimbwa Mtwara na Lindi yote, ukipita barabara ya kwenda Newala au Masasi utawaona akina mama wamepanga mafungu pembeni. Unachemsha na chumvi, unamenya kile kigozi na vidole, unakula na chai, tamu. Wamakonde na Wamwera ming'oko imewavusha njaa nyingi sana. Lakini muulize bibi yeyote wa Tandahimba, atakwambia huendi tu porini ukachimba mzizi wowote unaofanana, iko mingine ina sumu mpaka uikate uiloweke, na anajua kila jani lake, na akichimba anabakiza kichwa ardhini mwakani kiote tena. Sasa mtu aje achukue ming'oko asage, atie kwenye kopo, aseme "siri ya Wamakonde ya miaka elfu", amuuzie mtu wa Ulaya aimeze na kahawa. Bibi wa Tandahimba atamuelewa huyo mtu?

Na angalieni tofauti, wazee wetu njaa waliitibu kwa chakula. Mmakonde na Mmwera akikosa mtama anatafuta mng'oko, hatafuti cha kuidanganya njaa. Labda kwa sababu sisi msitu ulikuwa na kitu na kule jangwa halina, silaumu. Ila leo mwezi wa kwanza na wa pili huku ndo miezi mibaya, mahindi mapya bado yako shambani, hela ya korosho wengi imeshaisha ada na madeni, unga unapanda kila wiki, kuna nyumba zinakula mara moja, na humo humo mtaani kuna mtu anapita anauza dawa ya kutosikia njaa elfu sabini. Nilimsikia mzee mmoja kijiweni anasema mie njaa naipata bure, sasa kutoisikia ndo nilipe elfu sabini, watu wakacheka mpaka basi.

Hili la kuchukuliwa vitu vyetu Lindi wanalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ile mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, ya Tendaguru, Wajerumani waliichimbisha toka mwaka 1909 mpaka 1913, watu wa Lindi ndo waliochimba na ndo waliobeba kichwani mpaka bandarini siku kadhaa kwa miguu, mzee Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wao na fundi mkubwa, na leo mjusi yuko Berlin amesimama mita 13 watu wanalipa kiingilio kumuona. Wajerumani walau walimjenga vizuri hajaanguka. Wasan wao walibahatika kuwahi kabla mlango haujafungwa, wakapata karatasi iliyosainiwa, ingawa asilimia 6 ya dawa ambayo haikuuzwa ni sifuri. Wamejifunza lakini, mwaka 2019 wao na jirani zao Wakhoi wamepata makubaliano na wazalishaji wa majani ya chai ya rooibos, na ile inauzwa kweli, kwahiyo kuna kinachoingia. Kwenye haya makopo ya mtaani kwetu yenye picha ya mtu na upinde, hakuna Msan anayepata hata senti tano, picha yake tu ndo inafanya kazi.

Kwahiyo Mhariri, ombi langu. Siwaambii mkatae matangazo, najua gazeti linaendeshwa kwa matangazo. Akija mtu na tangazo la dawa au la mmea muulizeni mambo mawili, mmea unaitwaje na namba ya usajili iko wapi, na hiyo namba muichape hapo hapo chini ya tangazo kwa herufi zinazosomeka, mie nikiletewa kipande cha gazeti dukani nipige simu TMDA au kwa mfamasia wa wilaya niulize. Asiye na namba arudi na hela yake. Na mkipata nafasi mtumeni mwandishi wenu apite maduka na masoko ya Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea, anunue makopo matano tofauti ayapeleke kwa Mkemia Mkuu yapimwe, alafu mtuchapie majibu ukurasa wa kwanza, gazeti litanunulika siku hiyo mpaka muongeze nakala.

Na jingine la haraka. Ramadhani inakaribia na nimeshaona tangazo la vidonge hivyo hivyo limebadilishwa nguo, sasa ni "maalum kwa wafungaji, meza kimoja wakati wa daku, husikii njaa wala kiu mpaka magharibi". Mtu mwenye presha au sukari ameze kitu asichokijua alafu akae bila maji masaa kumi na tatu kwenye joto la Mtwara la mwezi wa pili! Na tukiacha hayo ya hospitali, funga ya mtu asiyesikia njaa ni funga gani, waulizeni mashehe. Hilo likija hapo ofisini naomba msilichape kabisa, hata wakilipa mara mbili.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa duka la vipodozi, Mtwara mjini.